Je, Mkristo asiyeona maono wala kusikia sauti anaweza kusema yuko karibu na Mungu?

Fundi wa Uyole (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni mama wa watoto watatu, fundi cherehani hapa Uyole, Mbeya, na ni Mmoravian tangu utotoni. Naomba mnivumilie, kwa maana swali langu halitaeleweka bila kisa kidogo.

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, katika ukungu ule ambao mtu wa Uyole hahitaji kuelezwa, nilifungua kibanda mapema ili nimalizie sare za shule ambazo mwenyewe alikuwa amekwisha kunipigia simu mara tatu. Nilikuwa nimeketi kwenye cherehani nikijaribu kupitisha uzi katika tundu la sindano, na vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Sikuwa nikisali. Kusema kweli nilikuwa nikiwaza deni la kitambaa. Kisha nikatambua kwamba sikuwa peke yangu. Sitasema ilikuwa ghafla, kwa sababu sijui ilianza lini. Sikuona mtu, sikusikia sauti, hapakuwa na mwanga wowote. Nilikuwa kama mtoto anayecheza sebuleni akijua, bila hata kugeuka, kwamba mama yake yumo ndani. Deni lilikuwa palepale na baridi ilikuwa palepale, ila mimi nilikuwa nimetulia kwa namna ambayo sikuwahi kutulia maishani. Hali ile ilidumu labda muda wa kupiga pasi shati moja, kisha mteja akabisha hodi.

Niliwaeleza wenzangu wa kikundi cha maombi. Mmoja akaniambia kwamba huo ni mwanzo mzuri, lakini maadamu sijapata maono wala kunena kwa lugha, bado nimesimama katika ua wa nje. Mwingine akaonya kwamba ukimya wa namna hiyo ni mlango wa roho nyingine. Wa tatu, ambaye ndiye kiongozi wetu, aliniuliza, "Ulifunuliwa nini?" nami sikuwa na jibu, kwa kuwa sikufunuliwa kitu. Tangu siku hiyo nimeitafuta hali ile bila kuipata. Nimeamka saa kumi alfajiri, nimefunga Ijumaa mbili, nimeketi kwenye stuli ileile, na msinicheke, nimetumia hata sindano ileile.

Kwa hiyo nauliza. Je, katika imani yetu upo ukaribu na Mungu kwa watu wa kawaida, ambao siku yao yote ni vipimo, wateja na ugali wa watoto, au jambo hilo waliachiwa watawa na manabii? Na lile lililonipata, kwa nini halirudi? Ninawasihi msinielekeze kwenye mafuta wala maji ya maombezi, kwa maana nimekwisha kuletewa, tena pamoja na bei yake.

Mchungaji mstaafu, Njombe (Jumapili, saa 4:05 usiku)

Bwana asifiwe, mwanangu. Nimemtumikia Bwana katika KKKT, kanisa letu la Kilutheri, huku Njombe kwa miaka mingi, na sasa nimestaafu, nina ng'ombe wawili na miparachichi inayonisumbua kuliko washarika walivyowahi kunisumbua. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo ndilo linalokutesa.

Halirudi kwa sababu si wewe uliyelileta. Soma habari ya Yakobo katika Mwanzo 28. Mtu yule alikuwa akimkimbia ndugu yake, amelala nje, jiwe ndilo mto wake, na hatuambiwi popote kwamba alikuwa ameomba au kufunga. Alipoamka alisema, "Kweli BWANA yupo mahali hapa, wala mimi sikujua." Angalia kwamba hakusema Bwana amekuja mahali hapa. Alisema yupo. Kilichobadilika usiku ule ni kujua kwa Yakobo. Naye alilisimamisha lile jiwe, akalimiminia mafuta, akaondoka kuendelea na safari yake. Hakubaki pale, mahali alipopaita Betheli, akilala kila usiku juu ya jiwe lilelile akingoja ndoto ya pili. Wewe, mwanangu, umebaki Betheli na sindano yako.

Kuhusu swali la kiongozi wenu, mtume Paulo naye asingelijibu vizuri. Katika 2 Wakorintho 12 anasimulia juu ya mtu aliyenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, na karibu wafasiri wote wanakubali kwamba anajisema mwenyewe. Miaka 14 ilikuwa imepita ndipo akalitaja, na alipolitaja alisema tu kwamba maneno aliyoyasikia hayatamkiki. Halafu akageuka haraka kuzungumzia mwiba wake. Nadhani katika kikundi chenu wangemwambia aende akafunge tena.

Sasa juu ya watu wa kawaida. Mwaka 1535, huko Wittenberg, kinyozi aliyekuwa akimnyoa Martin Luther, jina lake Peter, alimwuliza namna ya kusali, na Luther akamwandikia kijitabu kifupi. Huyu hakuwa mtawa wala msomi, alikuwa mtu wa wembe na taulo. Luther anaanza kwa kukiri kwamba yeye mwenyewe mara nyingi hupoa na kukosa hamu ya kusali kwa sababu ya shughuli na mawazo, na kwamba yanapompata hayo huchukua Zaburi zake, hujifungia chumbani au huenda kanisani watu wanapokusanyika, na kujisomea polepole Amri Kumi na Ungamo la Imani, kama watoto wafanyavyo. Anamwonya Peter ajihadhari na wazo lile linalosema, "Ngoja kwanza nimalize hili, nitasali baada ya saa moja." Kisha anamfundisha kulichukua neno moja, kwa mfano amri moja, na kulisokota kama shada la nyuzi nne: neno hili linanifundisha nini, nishukuru nini, niungame nini, niombe nini. Wewe ni fundi, unajua uzi wa nyuzi nne usivyokatika upesi.

Lakini lipo jambo jingine humo, ambalo sisi Walutheri wenyewe hatulihubiri sana. Luther anasema kwamba ikiwa katikati ya sala hizo mawazo mema yanaanza kumiminika, uyaache maneno yako, unyamaze, usikilize, kwa sababu Roho Mtakatifu mwenyewe ameanza kuhubiri, na neno moja la mahubiri yake ni bora kuliko sala zetu elfu. Kwa hiyo aliyekutisha juu ya ukimya hana Luther upande wake. Ukimya wa Luther, hata hivyo, huja baada ya Neno, nawe usiutafute kwa kulikimbia Neno.

Analeta pia mfano wa kinyozi mwenyewe. Kinyozi hodari, anasema, huweka mawazo na macho yake yote kwenye wembe na nywele, akijua daima amefika wapi. Akitaka kupiga soga na kuwaza mengine huku ananyoa, atamkata mtu mdomo au pua, au hata koo. Ndivyo sala nayo inavyotaka moyo mzima. Umkumbuke kinyozi huyu kila ushikapo mkasi.

Niongeze jambo moja ili usidhani kwamba ninakuuzia dawa isiyoshindwa. Mwaka uleule wa 1535, Peter huyohuyo, akiwa mezani, alimchoma mkwewe kisu, naye akafa. Luther na wenzake walimwombea kwa wakuu, akaponea adhabu ya kifo, ila akafukuzwa mjini. Nimekuwa nikiitafakari habari hiyo kwa miaka mingi, na sijawahi kupata namna ya kuihubiri.

Muuguzi wa Iringa (Jumatatu, saa 12:20 asubuhi)

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, baba mchungaji. Pole na hongera, dada fundi. Ninaandika nikitoka zamu ya usiku, kwa hiyo mnisamehe nikirudia maneno.

Mimi ni Mkatoliki wa hapa Iringa, na kwetu jambo unaloliuliza lina jina. Tunaliita sala ya taamuli, yaani kutulia mbele za Mungu bila maneno mengi. Wasomi hutumia pia neno mistiki, ambalo likitajwa mbele ya watu wengi hufikiri ni mizimu au kuelea hewani. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kitu kilichofichika. Ukitaka kulisikia kwa Kiswahili, fungua Mathayo 6:6, pale Bwana anapotuambia tuingie chumba cha ndani, tufunge mlango, tusali mbele za Baba yetu "aliye sirini". Mtu wa mistiki ni mtu wa sirini, basi. Hakuna mahali katika aya ile panaposema kwamba mlango huo ni wa mapadre na masista peke yao.

Umeuliza kama jambo hili linakaa jikoni. Mtakatifu Teresa wa Avila, Mhispania aliyezaliwa mwaka 1515 na kufa 1582, aliwaandikia masista wake waliosikitika kwamba utii umewapeleka kwenye kazi za nje badala ya sala, akawaambia kwamba hata kazi hiyo ikiwa ya jikoni, Bwana hutembea katikati ya vyungu. Naye hakuwa mtu wa kukaa akitazama dari. Alianzisha nyumba 17 za watawa, akisafiri kwa mikokoteni katika barabara mbovu kuliko hata ile ya kwetu wakati wa masika, akigombana na wenye nyumba na wadai. Mwaka 1970 Kanisa lilimtangaza Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Lakini lililonifariji mimi kuliko yote ni ungamo lake kwamba kwa miaka kama 18 hakuthubutu kuanza kusali bila kitabu mkononi, isipokuwa baada ya Komunyo, na kwamba kwa miaka kadhaa alipokuwa katika sala alitega sikio kusikia saa ikilia ili muda uishe, kuliko alivyomsikiliza Mungu. Miaka 18, dada. Wewe una miezi mingapi?

Nitakueleza pia la kwangu, ambalo si la kujivunia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika wodi ya wagonjwa wa ndani, usiku wa manane, kumetulia, nami nilikuwa nikisali rozari kwenye kiti changu. Sala ilikuwa tamu isivyo kawaida. Mzee mmoja akaniita, akitaka maji. Nilimsikia, nikajiambia nimalizie fungu lile kwanza, yaani Salamu Maria saba zilizobaki. Nilipomfikia alikuwa amejaribu kujinyoosha mwenyewe hadi kwenye kabati na kikombe kimemwagika kifuani. Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilijua unasali, binti yangu, sikutaka kukusumbua." Maneno hayo yalinichoma kuliko ambavyo karipio lingenichoma.

Baadaye padre mmoja alinisimulia habari za Meister Eckhart, Mdominikani wa Ujerumani wa karne ya 13 na ya 14. Huyu ndiye mtu ambaye wengi humfikiria wanapotaja mistiki, tena mafundisho yake ni magumu, na mwaka 1329, baada ya kufa kwake, Papa alizikataa baadhi ya kauli zake, kwa hiyo simwelekezi mtu yeyote kwake bila mwongozo. Lakini alipokuwa akiwafundisha watawa wenzake kule Erfurt alisema kwamba kama mtu angekuwa amezama katika furaha ya kiroho kama ile ya Mtakatifu Paulo, kisha akajua kwamba yuko mgonjwa anayehitaji supu kutoka kwake, ni bora zaidi aiache furaha hiyo akampelekee supu kwa upendo. Sisi tungesema uji. Tangu hapo nimekuwa nikiwahi kengele, na fungu la rozari hunisubiri mahali nilipoliachia. Yule mteja wako aliyebisha hodi asubuhi ile, sidhani kwamba alikukatiza.

Kijana wa Mwanjelwa (Jumatatu, saa 6:48 mchana)

Bwana Yesu asifiwe sana. Shikamooni nyote mlionizidi umri. Mimi ni Mpentekoste, ninauza viatu Mwanjelwa, na nimesoma yote yaliyoandikwa hapo juu kwa heshima. Hata hivyo naona kuna upande mmoja unaoonewa.

Mnaandika kana kwamba wanaopaza sauti katika maombi ni watu wa juujuu, na wanyamavu ndio waliofika ndani. Bartimayo, katika Marko 10, alipaza sauti. Wengi wakamkemea anyamaze, naye akazidi sana kupaza sauti, na Yesu akasimama. Mimi nilikuwa mlevi. Siku niliyopona sikuwa nimeketi kwa utulivu na sindano. Nilikuwa kwenye mkesha, nimelala kifudifudi, nikilia kama ng'ombe, na ndugu watatu wamenishika mabega. Mtu akiniambia kwamba ile ilikuwa kelele tu, nitamwambia aje amwulize mke wangu.

La pili, onyo la yule dada wa kikundini msilitupe lote. Katika Mathayo 12 Bwana anasimulia juu ya pepo aliyerudi akaikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaenda kuwaleta wengine saba walio waovu kuliko yeye. Siku hizi kuna mafundisho kwenye simu yanayowaelekeza watu kuketi, kufumba macho na kuondoa kila wazo kichwani mpaka kubaki patupu. Nyumba tupu si nyumba salama. Kwa hiyo dada fundi, sikuhukumu, ila nauliza: katika ukimya wako ule, kulikuwa na nani?

Juu ya mafuta yenye bei, niko pamoja na wewe. Hayo hata sisi yanatuaibisha.

Muuguzi wa Iringa (Jumatatu, saa 11:15 jioni)

Marahaba, mdogo wangu. Umesema kweli juu ya Bartimayo, na kama maneno yangu yalionyesha dharau kwa wanaolia, naomba radhi. Nawe usimsahau Hana, katika 1 Samweli 1, ambaye midomo yake ilicheza tu na sauti yake haikusikika, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Eli naye alikuwa kiongozi wa dini mwenye uzoefu wa kutosha, na bado alikosea kumsoma mtu aliyekuwa akisali hatua chache mbele yake. Wote wawili walisikiwa, mwenye kelele na asiye na sauti.

Swali lako ni zuri, na nadhani dada alikwisha kulijibu kabla hujauliza. Alisema alikuwa kama mtoto anayejua kwamba mama yake yumo ndani. Nyumba yenye mama ndani imenyamaza, lakini si tupu. Zaburi ya 131 ina picha hiyohiyo, ya mtoto aliyeachishwa, ametulia kifuani mwa mama yake. Mtoto aliyeachishwa halii tena kutaka maziwa, anataka tu kuwapo pale. Ukimya wa kufuta mawazo kwa ajili ya kuyafuta hata mimi nauogopa.

Mzee wa kanisa, Tukuyu (Jumatatu, saa 3:30 usiku)

Mchungaji mstaafu amemlisha fundi wetu Luther, nami namshukuru, lakini fundi ni Mmoravian, na chakula cha nyumbani kipo.

Ndugu zetu Wamoravian wa Herrnhut, kule Saxony, Ujerumani, walianza mwezi Agosti mwaka 1727 zamu ya maombi ya saa 24. Wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za mchana na usiku, na zamu hiyo ikaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa wakimbizi wa imani na mafundi. Wamisionari wao wawili wa kwanza, waliotoka mwaka 1732 kwenda visiwa vya Karibi, mmoja alikuwa mfinyanzi na mwingine seremala. Kwa hiyo yule aliyeamka saa nane usiku kushika zamu yake alikuwa na chombo cha kazi kikimngoja asubuhi, kama wewe. Na saa yake ilikuwa moja tu; hakuna aliyejitwisha zote.

Kisha lipo andiko la kila siku. Mwaka 1728 Zinzendorf, kiongozi wao, alianza kuwapa watu wake neno moja la kwenda nalo siku nzima, likipelekwa nyumba kwa nyumba. Tangu 1731 maandiko hayo yamekuwa yakichapishwa kila mwaka bila kukatika. Wamisionari wa kwanza walipofika Rungwe mwaka 1891 tayari lilikuwa desturi ya muda mrefu. Aya ni moja na fupi, nawe huichagui. Wao huipata kwa kura. Jambo hilo la kutoichagua mimi nalipenda, kwa maana mtu akijichagulia aya kila siku atajikuta anazunguka zile tano zinazompapasa kichwa. Usitafute tena hali ile, fundi. Chukua neno la siku, liweke mahali ambapo kazi yako husimama yenyewe, ulikumbuke papo hapo.

Bibi yangu hakujua kusoma. Alikuwa akiambiwa neno asubuhi na mtu aliyesoma, akaenda nalo migombani, na jioni aliweza kukurudishia. Akipalilia alikuwa akizungumza na Kyala, ndilo jina la Mungu kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na jirani ng'ambo ya ua, kuhusu magugu, mvua na wajukuu. Hakuna aliyemwita mtu wa mistiki. Niseme pia, maana tunapenda kuwasafisha marehemu, alikuwa mkali na fimbo yake nimeionja.

Fundi wa Uyole (wiki tatu baadaye, Jumamosi, saa 1:55 jioni)

Shikamoo, baba mchungaji. Shikamoo, mzee wa Tukuyu. Dada muuguzi na kaka wa Mwanjelwa, nawasalimu. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kurudi na maneno matupu.

Kaka, umeniuliza kulikuwa na nani. Nimelikalia swali hilo kwa siku nyingi. Siwezi kukuthibitishia. Ninachoweza kusema ni kwamba sikuogopa, na kwamba siku ile nilimpigia simu mwenye duka la vitambaa kumwambia ukweli kwamba sina fedha yake mpaka mwisho wa mwezi, jambo ambalo nilikuwa nimelikwepa wiki mbili kwa kuzima simu. Sijui kama hiyo ni alama ya kutosha kwako. Kwangu imetosha kwa sasa.

Mzee aliniambia niliweke neno mahali kazi inaposimama yenyewe. Nimepatafuta mahali hapo nikapaona: ni bobini. Wenye cherehani mnajua kwamba bobini ikiisha uzi chini, unashona hewa. Lazima usimame, uitoe, uijaze tena kwenye kile kigurudumu cha pembeni, na kazi hiyo huchukua kama dakika moja ambayo mikono inajua la kufanya bila kichwa. Basi kila bobini inapoisha, nalitamka neno la siku, na uzi ukijaa naliacha. Siku ya kazi nyingi bobini huisha hata mara kumi. Siku nyingine nasahau mpaka jioni, nikakumbuka ninapofunga kibanda, na siku mbili nilikuwa nimekasirika na mume wangu kiasi kwamba sikutaka kulitamka, ingawa nililikumbuka vizuri. Nyuzi nne za baba mchungaji nimezijaribu pia usiku, ila hadi sasa huwa nasinzia kwenye uzi wa pili. Ile hali ya mwezi wa Juni haijarudi. Stuli niliyokuwa nikiitunza nimempa mwanangu anayefanyia kazi za shule.

Kiongozi wa kikundi ameniuliza tena kama nimefunuliwa kitu. Nikamwambia kuhusu bobini. Hakufurahi sana, lakini wiki hii ameniletea suruali ya mumewe nibadilishe zipu, na alikaa pale kibandani karibu nusu saa bila kuzungumza, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Nina ungamo moja kwa baba mchungaji. Jumatano nilizidiwa na bidii. Nilijiambia, kwa nini nimkumbuke Mungu kwenye bobini tu, nisimkumbuke hata nikiwa nakata? Nikawa nakata mikono ya shati la shule huku nalirudia neno la siku kwa moyo wote, macho nusu yamefumba, na nikakata mikono miwili ya upande wa kushoto. Yote miwili. Nilicheka peke yangu hadi jirani wa mkaa akaja kuuliza kuna nini, na nikamsimulia habari za kinyozi na pua. Nimekwenda Mwanjelwa kununua nusu mita ya kitambaa kingine kwa fedha yangu, rangi imekaribiana ingawa si ileile, na mama mwenye shati atakuja kulichukua Jumatatu. Nitamweleza kabla hajaliona mwenyewe.